Wiki Ambayo Wagonjwa wa Daktari Obiero Walipona

Kuna madaktari wanaosifiwa kwa mikono yao, wengine kwa maombi yao na wengine, tuseme ukweli, kwa magari yao. Daktari Obiero wa Kawangware alisifiwa kwa kasi. Ukiingia chumbani mwake na kikohozi, kabla hujamaliza kuketi ameshakuuliza makohozi ni ya rangi gani, kifua ameshakipima, dawa ameshaandika, na jina la mwenzako aliye nje limeshaitwa. Watu walimbandika jina, Daktari Fasta, naye hakulikataa. Lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe, ambalo vifungo vilishalihama zamani.

Usimcheke upesi. Kawangware si mahali pa kumketisha mtu kwenye benchi asubuhi nzima akisoma mabango ya kunawa mikono. Mtu wa mjengo akichelewa kidogo, foreman ameshachukua mwingine. Mama anayefua nguo huko Lavington kwa matajiri asipowahi nafasi yake kando ya geti, siku hiyo watoto watashindia strungi, chai isiyoona maziwa. Aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwahi kulipwa kwa siku. Obiero aliyajua haya kwa sababu alikulia Kianda, kule Kibera, mtoto wa seremala, na aliwahi kumwona babake akipoteza kazi nzuri kwa kushinda kwenye benchi ya hospitali akingoja kuambiwa arudi kesho. Akaapa kwamba akipata benchi yake mwenyewe, hakuna atakayesinzia juu yake. Kasi yake ilikuwa heshima, ingawa kwa mbali ilifanana na dharau.

Kilichomshinda ni masomo. Ukidhani daktari akishavaa joho amemaliza kusoma, pole. Kila mwaka anatakiwa kuonyesha kwamba ameongeza maarifa, na maarifa huhesabiwa kwa pointi, na bila pointi leseni haitoki. Kwa hiyo kuna mihadhara ya mtandaoni, kuna semina za hotelini, kuna makundi ya WhatsApp ambako madaktari hutumiana makala ambazo hakuna anayezisoma, halafu wote huandika "asante sana kwa kushiriki". Semina za hotelini Obiero alizipenda, maana mtu hurudi na kalamu, mfuko wa kitambaa na sambusa zilizofungwa kwenye tishu. Mihadhara ya mtandaoni aliihudhuria kwa namna yake. Akirudi nyumbani, mtaa wa Olympic, jioni, anaingia kwenye mhadhara, anazima kamera, anaiegemeza simu kwenye dirisha la jikoni na kwenda kutazama mpira. Mkewe Christine, mwalimu wa chekechea, sasa anajua mengi kuhusu ini la binadamu kuliko mumewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa jikoni.

Mambo yangeendelea hivyo hadi uzeeni kama si Elvis. Elvis ndiye mwenye kliniki, na ndiye mwenye hardware, lile duka la simiti na misumari lililo mlango wa pili, na hujui lini anazungumzia ipi. Mahali fulani alikokwenda alisikia kwamba siku hizi watu wanamtaka daktari wa familia, yule anayemjua nyanya na mjukuu, anayejua nani kaachwa na nani kafiwa, anayetibu nyumba nzima. Akarudi na uamuzi. Bango jipya litaandikwa Daktari wa Familia, na atakayekaa chini ya bango hilo awe na karatasi ya kazi hiyo. Obiero alimwambia kwamba yeye ametibu familia za Kawangware miaka yote, nyingine zikiingia chumbani kwa pamoja, watoto wakining'inia mlangoni. Elvis akamwambia hilo ni sawa, ila alete karatasi, la sivyo mwaka ukiisha atatafuta mwingine. Elvis hajui bandama iko upande gani, lakini mambo ya bango anayajua.

Basi Obiero akajiandikisha kwenye stashahada ya mtandaoni ya udaktari wa familia, mzee wa miaka hamsini na kitu akiwa darasa moja na vijana waliozoea kusoma wakiwa kitandani. Si mjinga. Maswali ya kuandika aliyapita yote, tena vizuri. Tatizo likawa mtihani wa mwisho. Huo si wa kuandika. Daktari anatakiwa ajirekodi akiwa na mgonjwa halisi, kwa ruhusa ya mgonjwa, kisha amtumie mtahini ile video aone anavyofanya kazi. Na mtahini, Mungu naye ana utani wake, alikuwa Daktari Kanini, msichana aliyewahi kufanya mafunzo chini ya Obiero, enzi zake za hospitalini, akimfuata wodini na mafaili kifuani na kuogopa hata kukohoa.

Sasa hakuogopa tena. Video ya kwanza alimrudishia na maoni mafupi. Alisema mgonjwa ametamka maneno manne tangu kuingia hadi kutoka, na mawili kati ya hayo ni asante daktari. Akamfundisha, kwa upole uliomchoma Obiero kuliko tusi, kwamba amwache mtu aseme hadi amalize, halafu amuulize kama kuna kitu kingine, kisha angoje. Watu wengi, alisema Kanini, lile jambo lililowaleta huliweka mwisho kabisa, hulitaja mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Akampa nafasi moja ya kurudia. Moja tu, ndivyo kanuni zilivyokuwa.

Obiero alifika nyumbani akifoka. Alimwambia Christine kwamba Kawangware ukimwacha mtu aseme hadi amalize, mtaanza na kikohozi na kumalizia na kesi ya shamba la Siaya. Christine aliendelea kuchambua mboga. Alimjibu kwamba hata yeye, katika ndoa yao, angependa siku moja kuimaliza sentensi.

Siku iliyofuata Obiero aliibandika simu kwa plasta juu ya kabati la dawa, ikitazama viti viwili, na kumwomba Sella aanze kutafuta ruhusa za wagonjwa. Sella ni nesi, mtu wa Busia, na humo klinikini ndiye anayepokea watu, anayewadunga sindano na anayejua nani ni ndugu ya nani. Alitoka hadi kwenye benchi na kueleza kila kitu kama ilivyoandikwa. Daktari anafanya mtihani. Ukikubali utarekodiwa. Ukikataa hakuna neno, utatibiwa vilevile. Video itaonwa na mtahini tu. Alieleza vizuri sana, na benchi nzima ikasikia maneno matatu, kwamba daktari anafanya mtihani.

Hapo ndipo pana kisa. Kila mtu aliyekaa kwenye benchi ile alisoma shule ambayo siku moja mkaguzi alikuja. Unajua inavyokuwa. Mwalimu anawaambia mapema, akiuliza swali nyoosheni mikono wote, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, nami nitajua wa kumchagua. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anaridhika, anaondoka, na mwalimu wenu anabaki na kazi yake. Hakuna mtoto aliyeambiwa huo ni udanganyifu. Ilikuwa ni adabu ya kumsitiri mtu wenu mbele ya mgeni.

Sasa Daktari Fasta alikuwa mtu wao, na mkaguzi amekuja kwa njia ya simu. Swali lililobaki kwenye benchi lilikuwa moja, mtihani wa daktari husahihishwaje? Wesonga, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyelitatua. Alisema mwalimu hupimwa kwa wanafunzi wake, wakijua kusoma amepita. Kwa hiyo daktari hupimwa kwa wagonjwa wake, na wakiwa wagonjwa amefeli. Ilikuwa hoja iliyonyooka, na sijasikia mtu aliyeipinga.

Wiki ile Kawangware ikapona.

Wesonga mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amechomelea bila miwani, macho mekundu kama nyanya, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Aliketi mbele ya simu, akapandisha mabega. Obiero, akifuata somo la Kanini, alimwuliza ni nini kinamsumbua, akaegemea nyuma, akangoja.

"Hakuna kitu, daktari," Wesonga alisema, akipangusa machozi kwa kiganja. "Niko fiti kabisa. Nimepita tu nikusalimie."

Akaja Morris wa boda boda, aliyeanguka na pikipiki pale Riruta Satellite. Aliingia akitembea wima kama askari wa gwaride, akauma meno, akasema goti liko poa. Akaja mama kijana aliyeitwa Immaculate na mtoto wake wa kikohozi, mtoto amevishwa suti ya ubatizo, na kila alipotaka kukohoa mamake alimziba kwa titi. Wazee waliotembea kwa fimbo waliziacha fimbo nje. Mmoja, aliyekuwa na homa ya kutetemesha kiti, alitoa ushuhuda kwa Kiingereza kwamba tangu amjue daktari huyu hajaugua tena, akataja na aya ya Biblia.

Obiero alikaribia kurukwa na akili. Aliwasihi waseme ukweli, wakamkonyeza. Sella alikwenda kwenye benchi kuwaeleza upya kwamba mtihani unataka mgonjwa mgonjwa, wakamwambia asiwe na wasiwasi, wameelewa, kisha aliyefuata akaingia akiwa mzima kuliko wa kwanza. Mwishowe daktari akabuni utaratibu. Anarekodi kwanza, mtu anapona mbele ya simu, kisha anaizima simu, na mtu huyo anaugua upya na kutibiwa. Wesonga alitiwa dawa ya macho hivyo. Morris alilia kwa sauti simu ilipozimwa tu. Jioni Obiero alimsimulia Christine, wakacheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini alipoenda kulala hakucheka, maana siku za kutuma video zilikuwa zinayoyoma, na kila aliyoirekodi ilikuwa ya kumpeleka mtu jela ya waigizaji.

Ndipo akaja Magdaline.

Magdaline anaishi Gatina, anafua nguo za watu, na Jumapili anaongoza kwaya ya akina mama. Wateja wake huko Lavington humwita Maggie. Hapa ni Mama Hope, kwa jina la bintiye. Alikuwa amewahi kuja mara mbili mwaka huo, zote kwa maumivu ya mgongo, na mara zote mbili aliondoka na vidonge vya mgongo. Siku hiyo alivaa sweta ya kanisani, ameweka saini ya ruhusa kwa mwandiko mzuri. Aliketi, akaitazama simu kidogo, akamgeukia daktari. Na tofauti na wenzake, hakusema yuko fiti. Alikuwa na akili kuliko benchi nzima. Alisema mgongo ulikuwa ukimsumbua, lakini umepungua.

Kisha akaongea. Alieleza kuinama juu ya karai tangu asubuhi, maji baridi, mablanketi ya watu wenye vitanda vikubwa. Alieleza kuhusu Hope, aliye kidato cha tatu, na jinsi anavyoogopa kuugua kwa sababu hakuna mwingine. Hapo alijifuta macho kwa ncha ya leso, na Obiero, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akangoja. Alipoona amemaliza, akauliza lile swali lake la mtihani.

"Kuna kitu kingine, Mama Hope?"

"Hapana, daktari. Umenisikiliza vizuri. Mungu akubariki."

Obiero alitamani kupiga makofi. Hii ndiyo yenyewe. Aliinuka, akaizima simu, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka, ukafunguka kuita mtu wa nje. Magdaline alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye komeo. Akageuka.

"Mtihani umeisha?"

"Umeisha, mama. Umefanya poa sana."

"Hiyo simu imezima kabisa?"

Akamwonyesha kioo cheusi. Magdaline hakufungua mlango. Aliubana vizuri zaidi, akaanza kufungua vifungo vya sweta.

"Basi wacha nikuonyeshe kitu," alisema. "Sikutaka ikuharibie."

Obiero alimwita Sella aingie. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu, hausogei ukiusukuma, na ngozi ya juu imevutwa ndani na kupata vishimo kama ganda la chungwa. Mtu hahitaji stashahada kuujua. Alimwuliza umekuwepo tangu lini, akasema tangu Pasaka, na siku hiyo walipokuwa wakizungumza maduka yalishaanza kupiga nyimbo za Krismasi. Alimwuliza mbona hakusema. Magdaline alimjibu bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomvunja daktari.

"Nilikuja mara mbili. Nilikuwa naanza na mgongo ndio nipate nguvu ya kusema hii. Nikifungua mdomo, unaita mwingine. Nikasema labda daktari ako na haraka, nitarudi." Akafunga vifungo vyake. "Na leo nikakuta ni mtihani."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ili daktari wake apite mtihani. Obiero aliketi. Watu wa kliniki ile walizoea kumwona amesimama, na Sella anasema alidhani ameugua. Nje, benchi ilianza kugonga mlango. Walikuwa na vibarua vya kuwahi. Obiero hakufungua. Alimpigia mwenzake waliyesoma naye, ambaye sasa ni mpasuaji katika hospitali kubwa, akamwomba, akambembeleza, akamkumbusha mambo ya bwenini ambayo mpasuaji asingependa yatajwe, hadi Magdaline akapata nafasi ya kutolewa kinyama cha kupimwa wiki hiyohiyo. Alimweleza Magdaline kila hatua, polepole, akarudia. Kisha akamwomba msamaha. Magdaline alimwangalia kwa mshangao, akauliza kama kweli ile video haijaharibika.

Foleni ilivunjika siku hiyo. Nusu ya watu walikwenda kazini na magonjwa yao, nusu walikwenda duka la dawa la kona, na Elvis alikuja kutoka hardware akiwa na vumbi la simiti kwenye nyusi kuuliza kama daktari amelala.

Sasa mnataka nimfanye malaika, niseme aliifuta ile video. Hakuifuta. Alikaa nayo siku kadhaa. Alifikiria kumwomba Magdaline waketi tena, safari hii waseme yote mbele ya simu, akaona haya kumfanya mwanamke anayesubiri majibu ya saratani aigize tena kwa faida yake. Alifikiria kutuma ya Wesonga, na hilo hakulifikiria sana. Alifikiria bango la Elvis likiwa na jina la mtu mwingine, na ada ya shule, na umri wake. Akaituma. Akafunga simu ndani ya droo kama mtu aliyeiba sukari.

Majibu ya Magdaline yalitoka kwanza. Ilikuwa saratani, haijasambaa mbali, lakini haikuwa ndogo. Akapasuliwa, titi likatolewa, akaandikiwa dawa za kufuata. Majibu ya Obiero yakatoka baadaye kidogo. Alikuwa amepita, tena kwa sifa. Kanini aliandika kwamba amefurahi kupita kiasi kuona mwalimu wake wa zamani akibadilika namna ile. Alipenda hasa ule ukimya baada ya swali la mwisho, jinsi mgonjwa alivyopewa nafasi ya kutoa kila kilichokuwa moyoni. Akaongeza ombi. Angependa kuionyesha video hiyo kwa darasa jipya la madaktari wa familia, iwe ya kufundishia miaka ijayo, ikiwa mgonjwa atakubali.

Elvis alipandisha bango siku hiyohiyo, jina la Obiero kwa rangi nyekundu. Wagonjwa walimpigia makofi kwenye benchi, Wesonga akiwaongoza, macho yamepona. Obiero alishukuru, akaingia chumbani, akafunga mlango. Niseme wazi, aliona aibu. Haikuwa ile aibu ndogo ya kukamatwa. Alijiona amevaa titi la mwanamke kama nishani.

Jumamosi alikwenda Gatina. Magdaline alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, bega la kushoto limeshuka kidogo, anamwangalia Hope akifua, na kumkosoa. Obiero alimweleza kwamba video imepita, na kwamba inatakiwa kuonyeshwa kwa madaktari wengine wajifunze. Alimwambia ana haki ya kukataa. Moyoni alikuwa anaomba akatae, yaishe.

Magdaline alitaka kujua ni wangapi. Alipoambiwa ni darasa zima, kutoka kila upande wa nchi, alifurahi waziwazi, akauliza kama sweta ilionekana vizuri. Kisha akalikanda bega lake.

"Na wanajua ile ingine?" akauliza.

Obiero akasema hawajui.

"Sasa watajifunza nini?" Hakuwa anamsuta, alikuwa anauliza kabisa. "Waonyeshe, mimi nimekubali. Lakini uwaambie. Si watu wengine wataficha pia?"

Alirudi Olympic kwa miguu, njia nzima, ili achelewe kufika. Kwa sababu alijua akisema, kinachofuata ni nini. Video ile ilimpa karatasi, na karatasi ndiyo iliyolishika bango.

Siku ya darasa, hakuiweka simu jikoni. Aliketi mezani amevaa shati la kwenda harusini, Christine kando yake. Kwenye kioo kulikuwa na viboksi vingi vyeusi vyenye majina, na yeye bila shaka alijua wenye majina wako wapi, wengine kwenye mpira, wengine wanakaanga vitunguu. Kanini akamsifu, akaicheza video. Ilipoisha, maandishi ya pongezi yakamiminika, mikono ya kupiga makofi, mioyo. Mmoja aliandika kwamba hivi ndivyo mgonjwa anavyotakiwa kufunguka. Kanini akamkaribisha Obiero aseme neno kuhusu siri ya kumsikiliza mgonjwa.

"Huyu mama alikuwa na saratani ya titi," Obiero alisema. "Hapo kwenye video alikuwa nayo, chini ya hiyo sweta. Alinificha ili nipite. Mimi sikuiona, mtahini hakuiona, na nyinyi wote hamkuiona, na mimi nikapewa alama nzuri kwa kutoiona."

Akaeleza yaliyobaki, tangu Pasaka, vidonge vya mgongo, benchi, mlango. Hakujipamba. Alipokuwa akieleza jinsi alivyoituma akijua, Christine aliuweka mkono wake juu ya goti lake, chini ya meza, mahali ambapo kamera haikufika. Kamera za wale wengine zilianza kuwashwa, watu wakaonekana, mmoja kweli akiwa na mwiko. Waliuliza maswali hadi muda ukapita, na hakuna aliyeuliza kuhusu pointi.

Kanini alimpigia kesho yake. Alikuwa amelia, na hakumficha. Alimwambia kwamba video ile itabaki ya kufundishia, pamoja na maelezo yake, na kwamba hajawahi kuendesha somo lenye faida kama lile. Lakini mtihani, alisema, na hapa alimwita mwalimu kama zamani, mtihani hauwezi kusimama. Ameketi na wenzake, wamekubaliana kuufuta, na kwa kuwa alisema mwenyewe wamempa nafasi ya kurekodi upya, mgonjwa wa kweli, ugonjwa wa kweli. Obiero alimshukuru. Elvis alipopata habari hakutukana kama ilivyotarajiwa. Alichukua gunia tupu la simiti kutoka hardware, akapanda ngazi, akalifunika jina kwenye bango, akasema litafunuliwa karatasi ikija, na isipokuja ana rangi.

Obiero alimpelekea Magdaline habari yeye mwenyewe, maana hakutaka azisikie kwenye benchi. Alimkuta amefunga kitambaa kichwani, nywele zimeanza kunyonyoka kwa sababu ya dawa. Alimweleza kwamba amewaambia wote, kama alivyotaka, na kwamba kwa hiyo amefutiwa mtihani na lazima aufanye tena. Magdaline alisikitika sana. Aliguna, akatikisa kichwa, akasema hao watu wa mtihani hawana huruma. Halafu akafikiri kidogo, na uso wake ukafunguka.

"Usijali, daktari. Nitakuja mimi," alisema. "Saa hii niko mgonjwa kabisa. Huwezi kukosa cha kuniuliza."